Si Mchezo wa Pata Potea

Iko imani moja iliyoenea katika shule zetu, nayo ni kwamba mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya manne ni mtihani mwepesi. Kwamba asiyejua kitu aweza kuupita kwa bahati, na ajuaye aweza kuanguka kwa bahati hiyo hiyo. Imani hii imezaa biashara. Wapo watu wanaozuka siku za mitihani zinapokaribia, vijitabu mkononi, wakiahidi kumfundisha mtoto wa watu, kwa saa mbili na kwa ada isiyo ndogo, siri ya kupita kemia bila ya kuijua kemia. Husema kuwa jibu lililo refu kuliko mengine ndilo la kweli. Husema kuwa herufi C hupendwa na watungaji. Husema kuwa jibu lililokuja kwanza moyoni lisibadilishwe kamwe. Nasema, ewe msomaji, na nataka kuthibitisha, kuwa karibu yote hayo ni maneno ya sokoni, na kwamba mwenye kuyanunua hununua hasara yake mwenyewe.

Na hasara hiyo si ndogo. Kemia katika nchi yetu ni mlango wa udaktari, wa uuguzi, wa ufamasia na wa kazi nyingine nyingi ambazo wazazi huuza ng'ombe ili mtoto azifikie. Anayemdanganya mwanafunzi katika somo hili hamwibii ada ya saa mbili peke yake.

Tuanze na bahati, maana ndiyo inayosingiziwa mengi. Chukua karatasi ya kuchagua ya kemia katika mtihani wa Cambridge wa IGCSE, unaofanywa na baadhi ya shule za Nairobi na Mombasa kama unavyofanywa katika nchi nyingi za dunia. Ina maswali 40, kila swali na majibu manne, na muda wake ni dakika 45. Mtu aliyefumba macho akatia alama ovyo atarajie kupata 10. Siku ya baraka aweza kupata 13, na siku ya nuksi 7. Lakini kupata 20, yaani nusu tu ya alama, kwa kubahatisha peke yake, ni jambo lisilotarajiwa hata kwa mtu mmoja katika elfu. Hayo si maoni yangu. Ni hesabu ambayo mwalimu wako wa hisabati aweza kukufanyia ubaoni kabla kengele haijalia. Bahati ipo, lakini mkono wake ni mfupi.

Herufi C nayo haina siri. Mtungaji ajuaye kazi yake huyatawanya majibu ya kweli katika herufi zote, naye alikwisha kusikia habari za herufi C kabla hujazaliwa. Na hilo jibu refu, litafutwe wapi katika kemia? Nusu ya maswali yana majibu ambayo ni tarakimu, au fomula, au majina ya gesi. Jibu refu kati ya 0.25 na 256 ni lipi?

Yafaa pia tujue mtihani wa namna hii ulitoka wapi, maana haukuanzishwa na wacheza kamari. Frederick J. Kelly, mtu wa Kansas huko Marekani, alitunga mtihani wake wa kusoma kimya kimya, wenye majibu ya kuchagua, katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliona walimu wawili wakisahihisha kazi moja na kutoa alama mbili zilizo mbali, akataka swali ambalo jibu lake halitegemei hasira wala huruma ya msahihishaji. Kisha, mwaka 1938, kampuni ya IBM ikatoa mashine ya kusahihisha, nambari 805, iliyotokana na uvumbuzi wa mwalimu wa shule aliyeitwa Reynold Johnson. Mashine ile haikuona kitu, ilihisi umeme. Alama ya penseli ni grafiti, na grafiti hupitisha umeme, kwa kuwa kila atomi ya kaboni iliyomo hushikana na jirani zake watatu tu, na elektroni yake ya nne husalia huru kutembea. Alama ilipokuwa mahali pake, umeme ulipita, na mashine ikahesabu. (Mashine za siku hizi husoma kwa mwanga. Walakini mwanafunzi anayeulizwa kwa nini grafiti hupitisha umeme na almasi haipitishi, huwa ameshika nusu ya jibu katikati ya vidole vyake.)

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na usemi huo haukuhusu majahazi peke yake. Majibu matatu ya uongo katika swali la kemia yameundwa. Hayakuokotwa. Watungaji huyaita vipotoshi, na kila kipotoshi kizuri kina mwenyewe, yaani kuna mwanafunzi wa namna fulani aliyekosea kwa njia fulani akafika pale. Tazama swali hili: gramu 8 za gesi ya oksijeni zina moli ngapi? Majibu ni 0.25, 0.5, 4 na 256. Mwanafunzi wa bahati huona tarakimu nne. Mwenye kujua huona watu wanne. Yule wa 0.5 amegawa 8 kwa 16, amesahau kuwa oksijeni ya hewani hutembea atomi mbili mbili, na kwa hiyo moli moja ya gesi hiyo ni gramu 32. Yule wa 4 anajua 32 lakini ameigeuza hesabu juu chini, akagawa 32 kwa 8. Yule wa 256 amezidisha, kwa sababu aliona namba mbili na hakujua la kuzifanya. Yule wa 0.25 ndiye aliyegawa 8 kwa 32.

Wasemao kuwa mtihani huu hupima bahati wanijibu hapa. Yule aliyesahau kuwa oksijeni ni atomi mbili atapataje kwa bahati? Hesabu yake imetoka safi, jibu lake amelikuta limeandikwa mbele yake kwa wino, na furaha yake ni kubwa. Atatia alama kwa uhakika, atapita mbele, na hatarudi tena. Kipotoshi hakimtegi mjinga asiyejua lolote. Huyo huchagua ovyo na huenda hata akapatia. Humtega anayejua nusu. Nusu ya elimu ndiyo inayoadhibiwa katika karatasi hii, na ndiyo maana utawaona wanafunzi wenye bidii wakitoka wakicheka na majibu yakatoka wakilia.

Kama ndivyo, dawa yake ni nini? Dawa ya kwanza ni rahisi kuieleza na ngumu kuizoea: funika majibu. Weka mkono wako au karatasi juu ya herufi zote, usome swali peke yake, na ulijibu kichwani au pembeni kwa penseli kama kwamba hakuna wa kukusaidia. Ukisha kupata jibu lako, funua. Likiwamo, vema, na uangalie kama hukukosea kwa njia ya jirani. Lisipokuwamo, umepewa onyo la bure ambalo mtahiniwa wa maswali ya kuandika hapewi kamwe: anza upya. Anayesoma majibu kwanza huwa ameingia nyumbani mwa mtungaji akamwomba amfikirie.

Jaribu katika hili. Asidi ya haidrokloriki yenye pH 2 inazimuliwa kwa maji hata ujazo wake uwe mara kumi. pH yake yawa ngapi? Ukitazama majibu 0.2, 1, 3 na 20, moyo huvutwa na 0.2 kwa sababu ya neno "kuzimua" na neno "kumi", na huvutwa na 20 kwa sababu kumi mara mbili ni ishirini, na huvutwa na 1 kwa sababu asidi imepungua na namba nayo yafaa ipungue. Ukifunika majibu ukafikiri, utakumbuka kwamba pH hupanda asidi inapopoa nguvu, na kwamba kila mara kumi ni hatua moja. Kutoka 2 hatua moja ni 3. Kwisha.

Dawa ya pili ni ya nyumbani, wala si ya chumba cha mtihani, na ndiyo niithaminiyo zaidi. Ukifanya zoezi la kuchagua, usiridhike kuandika herufi ya jibu la kweli. Andika, kwa sentensi moja moja, kwa nini kila jibu jingine ni la uongo. Swali moja likifanywa hivi lina manufaa kuliko ishirini zilizotiwa alama mbio mbio. Kwa mfano, ukiulizwa kichocheo cha chuma hufanya nini katika utengenezaji wa amonia kwa naitrojeni na haidrojeni, usiseme tu kuwa huharakisha. Andika kuwa hakiongezi kiasi cha amonia kipatikanacho mwisho, kwa kuwa huharakisha mwendo wa kwenda na wa kurudi kwa kadiri moja. Andika kuwa hakiongezi joto. Andika kuwa hakiliwi kikaisha. Sentensi hizo tatu ni vipotoshi vitatu ambavyo havitakupata tena, mwaka huu wala mwaka ujao.

Hapa napambana na desturi iliyo kubwa kuliko wauza vijitabu, nayo ni ya shule zenyewe. Mwanafunzi hupewa karatasi za miaka iliyopita, kumi au kumi na tano, azifanye zote, apewe orodha ya herufi, ajisahihishe, ahesabu alama, na jambo likaisha. Kukariri herufi si kusoma kemia. Karatasi za zamani ni kitu kizuri, nami sizitukani. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha kuwa wanafunzi waliosoma habari kisha wakajipima kwa kuikumbuka, baada ya juma moja walikumbuka asilimia 56 ya habari ile, na waliokuwa wameisoma tu mara ya pili walikumbuka asilimia 42. Kwa hiyo kujipima ni bora kuliko kurudia kusoma kitabu kwa macho. Lakini Roediger huyo huyo na mwenzake Marsh, mwaka 2005, walionyesha upande wa pili wa sarafu: mtu anayejibu maswali ya kuchagua bila ya kusahihishwa huondoka na baadhi ya majibu ya uongo aliyoyachagua, akayaamini kama kwamba alifundishwa. Tafakari basi hatari ya mwanafunzi anayefanya karatasi kumi na tano usiku wa manane bila ya mtu wa kumwambia kwa nini. Huenda anajifundisha makosa kwa bidii.

Na makosa yaliyokaririwa huvaa nguo za kanuni. Wanafunzi wengi wameshika kuwa kaboneti zote huvunjika zikipashwa moto. Ukiwauliza ni ipi isiyovunjika katika moto wa maabara kati ya kaboneti ya sodiamu, kaboneti ya shaba, kaboneti ya kalsiamu na haidrojeni kaboneti ya sodiamu, hukodoa macho, kwa kuwa kanuni yao haina nafasi ya swali hilo. Mtoto wa Kenya hana haki ya kukodoa macho hapa. Kule Ziwa Magadi magadi ghafi huchimbwa ziwani, nayo ni mchanganyiko wa kaboneti ya sodiamu na haidrojeni kaboneti ya sodiamu pamoja na maji. Hutiwa katika tanuri, maji yakatoka, haidrojeni kaboneti ikavunjika, na kinachobaki kikauzwa kwa watengenezaji wa vioo na sabuni ni kaboneti ya sodiamu. Kama kaboneti hiyo nayo ingekuwa yavunjika kwa moto huo, kiwanda kingekuwa hakina cha kuuza. Anayejua habari hii hana haja ya kukisia herufi.

Sasa neno la kutobadili jibu la kwanza. Hili nalitaja peke yake kwa sababu halisemwi na wauza vijitabu tu. Husemwa na walimu wema, na wazazi, na wanafunzi wao kwa wao. Justin Kruger na wenzake walichungua, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2005, karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa chuo kikuu cha Illinois, wakahesabu alama za kifutio. Katika mabadiliko yote, asilimia 51 yalitoka kwenye uongo kwenda kwenye kweli; asilimia 25 yalitoka kwenye kweli kwenda kwenye uongo; mengine yalitoka kwenye uongo yakaenda kwenye uongo mwingine. Yaani aliyebadili alipata mara mbili ya alivyopoteza. Kwa nini basi watu huamini kinyume chake? Kwa sababu jibu ulilokuwa nalo ukaliacha huuma kama mwiba, ukalikumbuka miaka, na lile ulilolisahihisha hulisahau kabla hujafika nyumbani. Ukiona sababu ya kubadili, badili. Ukiona hofu tu bila ya sababu, liache lilivyo.

Watakuja wapinzani wa upande wa pili, nao wana heshima yao. Hao ni walimu wanaodharau kabisa maswali ya kuchagua, wakisema kuwa hayamfundishi mtoto kuandika wala kushika bureti. Katika hilo wamesema kweli. Hakuna herufi nne zinazoweza kupima kama mkono wako hutetemeka unapokaribia tone la mwisho la asidi. Lakini dharau yao imeleta madhara, kwa sababu wakikataa kufundisha namna ya kuyajibu, huwaachia uwanja wale wenye vijitabu.

Nawaomba walimu hao walitazame jambo la hapa kwetu. Tangu 1985 hadi 2023 mtoto wa Kenya alimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE, ambao sayansi yake yote ilikuwa ya kuchagua kati ya A, B, C na D. Aliyezoezwa hivyo kwa miaka huingia sekondari akifika kwenye kemia ya KCSE, yenye karatasi tatu, mbili za maandishi na moja ya maabara, na herufi hazimo. Hapo ndipo siri za vijitabu huanikwa juani. Aliyefundishwa kuwinda jibu refu hana la kuwinda. Mbele yake pana nafasi tupu yenye mistari miwili, na swali linalomwambia aeleze. Lakini yule aliyezoea kufunika majibu hajapungukiwa na kitu, maana siku zote alijibu kwanza, akachagua baadaye. Na yule aliyezoea kuandika kwa nini majibu matatu ni ya uongo amekuwa akifanya mtihani wa maelezo muda wote bila ya kujua. Ufundi mmoja wafaa karatasi zote mbili. Ujanja haufai hata moja kwa ukamilifu.

Yamebaki machache ya chumba cha mtihani. Dakika 45 kwa maswali 40 ni kama sekunde 67 kwa swali, wala si kila swali lastahili sekunde zake. La kutaja alama ya elementi lichukue kumi, ili la hesabu lipate mia. Likikushinda, liwekee alama ndogo na upite. Usikae ukishindana nalo kama mtu na mdai wake.

Pigia mstari neno linaloligeuza swali. Neno la kukanusha likikupita, utachagua jibu la kweli pale palipotakiwa la uongo, na kemia yako yote haitakusaidia. Kadhalika tofauti ya chumvi iliyoyeyushwa kwa moto na chumvi iliyoyeyushwa kwa maji: umeme ukipitishwa katika ile ya kwanza, kathodi hutoa sodiamu, ukipitishwa katika maji mazito ya chumvi, kathodi hutoa haidrojeni. Anodi hutoa klorini katika zote mbili, na mtungaji anajua kuwa kufanana huko kutakulaza usingizi. Neno moja la swali ndilo linaloamua, na kila mwaka wapo wanaolisoma haraka.

Na usiache swali tupu kabla hujajua sheria ya mtihani wako. Katika karatasi ile ya Cambridge jibu la uongo halikatwi alama, kwa hiyo nafasi tupu ni sadaka isiyo na mpokeaji. Katika mtihani wa NEET wa India, wa kuingilia masomo ya udaktari, jibu la kweli hulipwa alama 4 na la uongo hukatwa 1. Mtihani wa SAT wa Marekani ulikuwa ukikata robo alama kwa kosa, ukaacha mwaka 2016. Ukisha kuondoa vipotoshi viwili kwa sababu unazozijua, kuchagua kati ya mawili yaliyobaki si kubahatisha ovyo, na hata kwa sheria ya India hesabu iko upande wako. Dakika tatu za mwisho zitumie kutazama kama namba ya swali na mstari uliotia alama ni kitu kimoja, hasa ikiwa kuna swali uliloliruka katikati. Kwa maana aliyeruka swali la 17 na kutia alama ya 18 mahali pake amejibu vibaya maswali yote yaliyofuata, na mashine haitamwuliza alikuwa na nia gani.